Guangzhou, Xi'an au Chengdu: ukiwa na wiki moja China, ukae mji gani?

Wengi wanaotaka kutembea China huanza na orodha ya vivutio: askari wa udongo, panda, minara mirefu. Orodha hiyo haimsaidii mtu kuchagua. Kivutio kikubwa cha mji wowote huku humaliza siku moja, zikizidi mbili. Siku zinazobaki unaishi tu: unaamka, unatafuta kifungua kinywa, unapanda metro, unakaa bustanini pamoja na wazee, unatafuta pa kula jioni. Safari hunoga au huchosha katika saa hizo za kawaida. Nimeishi huku muda wa kutosha kuona wageni wawili wakitoka mji uleule, mmoja akiusifu na mwenzake akiulaani, na mara nyingi tofauti yao ilikuwa hiyo.

Nalinganisha miji mitatu. Guangzhou, kusini, ndiko zinakotua ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi na Dar es Salaam, na ndiko watu wengi wa Afrika Mashariki walikoanza kuijua China. Xi'an, kaskazini-magharibi, ndiyo Chang'an ya zamani, mji mkuu wa nasaba ya Tang. Chengdu ni makao makuu ya jimbo la Sichuan, kwenye tambarare iliyo chini ya milima inayopanda kuelekea Tibet. Beijing na Shanghai nimeziacha kwa sababu anayeziwaza hizo huwa ameshaamua.

Vigezo ni vitano: chakula, pamoja na urahisi wa kupata cha halali, mwendo wa siku na watu, mambo ya kale, kufika na kuzunguka, na hali ya hewa. Havina uzito sawa. Mimi naweka chakula mbele, kwa sababu asiyekula vizuri haoni uzuri wa kitu chochote.

Chakula

Guangzhou huanza siku kwa zaocha, chai ya asubuhi. Ukoo mzima hukaa kwenye meza ya duara, bibi na babu wakiwa wametangulia kuishika, na vikapu vya mianzi vinaletwa vikifuka moshi: kamba waliofungwa ndani ya unga mwembamba unaopitisha mwanga, changfen ya unga wa mchele inayoteleza, miguu ya kuku iliyopikwa mpaka mfupa unaachia. Kuna adabu zake. Wenyeji husuuza vikombe na bakuli kwa chai ya kwanza kabla ya kula. Anayemiminiwa hugonga meza kwa vidole viwili, taratibu, kuwa ndiyo asante. Birika likikauka unaegesha kifuniko kikae wazi, na mhudumu huja bila kuitwa. Ladha ya huku ni ya upole: samaki wa mvuke na tangawizi, mboga za majani zilizopitishwa tu motoni, supu iliyochemka kwa saa nyingi. Aliyekulia pwani, anayejua samaki mbichi alivyo, ataelewana na mji huu haraka.

Shida ni nguruwe. Yumo hata katika vitu vinavyoonekana kuwa vya mboga au vya kamba, na kwenye meza ya zaocha ni vigumu kumkwepa kwa kukisia. Lakini mtaa wa Xiaobei na maeneo yanayouzunguka una mikahawa ya Waislamu wa Kihui, Wauyghur, Waarabu na Waafrika, kwa hiyo hakuna Muislamu anayelala njaa Guangzhou.

Xi'an ndiyo inayomfaa kuliko zote anayetaka chakula cha halali chenye asili ya hapohapo. Nyuma ya Mnara wa Ngoma kuna mtaa wa Wahui, familia ambazo zimeishi na kupika hapo vizazi kwa vizazi. Mgeni hupelekwa Beiyuanmen, barabara ya taa nyingi na mishikaki, na hakuna ubaya kuipita jioni moja. Kula, hata hivyo, nenda wanakokwenda wenyeji: Sajinqiao na Dapiyuan, mwendo mfupi kwa miguu upande wa magharibi.

Agiza paomo. Unaletewa bakuli tupu na mikate migumu ya duara, basi. Kazi ya kuumega mkate ni yako, na inapaswa kuwa vipande vidogo, ukubwa wa punje ya soya ukiweza. Watu huchukua dakika ishirini au nusu saa hapo, wakizungumza huku vidole vikifanya kazi. Kisha bakuli linarudi jikoni na namba yako, mpishi anauangalia ukubwa wa vipande na kupika kwa kuufuata, na linarudi na supu ya kondoo, nyama, tambi nyembamba za wanga na majani ya giligilani. Huli kwa kukoroga. Unaanza pembeni ukisogea, pamoja na vitunguu saumu vilivyolowekwa kwenye siki na sukari. Sijui mlo mwingine wowote China unaomfanya mgeni atulie mezani na wenyeji bila kuhitaji lugha. Ongeza roujiamo ya ng'ombe, mkate uliopasuliwa na kujazwa nyama, na biangbiang, tambi za ngano pana kama mkanda wa suruali. Hii ni nchi ya ngano: mpenda wali atauona, ila hautakuwa mfalme wa meza.

Chengdu ni pilipili, na juu ya pilipili ni huajiao, punje ndogo zinazotia midomo ganzi. Mchanganyiko huo ndio unaobeba huoguo, chungu kinachochemka katikati ya meza ambamo kila mtu anachovya nyama, uyoga, viazi na tofu. Mgeni asione haya kuagiza yuanyang, chungu kilichogawanywa, upande mmoja mwekundu na upande mwingine supu isiyowasha. Wenyeji wenye watoto huagiza hivyo kila siku. Chakula cha halali kipo, hasa karibu na Msikiti wa Huangcheng, jirani na uwanja wa Tianfu, lakini unakitafuta. Mwenye vidonda vya tumbo afikirie mara mbili kabla ya kukaa Chengdu wiki nzima.

Popote utakapokuwa, tafuta herufi 清真, qingzhen, mara nyingi kwenye kibao cha kijani. Hiyo ndiyo alama ya mkahawa wa Waislamu. Vijiduka vya tambi za Lanzhou, zinazovutwa kwa mikono mbele ya macho yako, viko karibu kila kona ya miji yote mitatu, na ni mlo wa bei nafuu usiokuangusha.

Mwendo wa siku na watu

Hapa Chengdu ina jambo la kuwafundisha wengine. Ingia Bustani ya Watu, Renmin Gongyuan, mchana wa kawaida. Kwenye nyumba ya chai ya Heming, iliyopo tangu miaka ya 1920, watu wamekaa kwenye viti vya mianzi chini ya miti, kila mmoja na kikombe chenye kifuniko na kisahani. Unanunua chai mara moja, na maji ya moto unaongezewa mpaka utakapoamua kuondoka. Hakuna anayekutazama kwa jicho la kukuuliza umekaa kwa nini. Wasafisha masikio hupita wakigonga vyuma vyao ili vilie, meza ya jirani wanacheza mahjong ya Kisichuan ya vipande 108, na pembeni wazazi wamebandika karatasi zenye sifa za watoto wao wanaotafutiwa wachumba: umri, kimo, elimu, kazi. Mgeni anayejua kukaa atapata hapo zaidi ya alichopata kwenye makumbusho yoyote.

Guangzhou ni mji wa kazi. Watu wanatembea haraka, masoko ya jumla yanaanza mapema, na maonyesho ya bidhaa ya Canton, yaliyoanza 1957, huujaza mji kila masika na kila vuli. Ulaini wake uko kwenye mitaa ya zamani ya Liwan, yenye vibaraza vilivyofunikwa kando ya barabara, na kwenye kisiwa cha Shamian, ambako wazee hucheza karata chini ya miti mikubwa. Ni mji pekee kati ya hii mitatu ambako Mwafrika hageuziwi kichwa kila anapopita. Xiaobei utasikia Kiswahili bila kukitafuta, na Ijumaa Msikiti wa Xianxian hujaa watu wa mataifa mengi, pembeni ya kaburi ambalo mapokeo ya Waislamu wa China yanalinasibisha na sahaba Saad bin Abi Waqqas. Haki inadai niseme pia kwamba Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa kwenye nyumba na hoteli walizokuwa wamepanga, na jambo hilo halijasahaulika. Jamii imepungua tangu hapo, ingawa haijaisha.

Xi'an iko katikati. Asubuhi wazee hufanya taiji, mazoezi ya mwili ya taratibu, chini ya ukuta wa mji, jioni kinamama hucheza ngoma viwanjani kwa spika kubwa. Watu wake husema kwa sauti ya juu na mgeni huweza kudhani wanagombana, hawagombani. Xi'an na Chengdu utaombwa picha, na wengine watakupiga bila kuomba. Kwa kawaida ni udadisi usio na ubaya, na ukitabasamu unamalizika. Asiyeupenda ajue kwamba Guangzhou atausikia kidogo zaidi.

Mambo ya kale

Kwa kigezo hiki Xi'an ina uzito wa peke yake. Machi 1974 wakulima wa Lintong, kiasi cha kilomita 40 mashariki ya mji, walikuwa wakichimba kisima wakakuta vichwa vya udongo. Walikuwa wamelifikia jeshi lililozikwa kumlinda Qin Shi Huang, aliyeiunganisha China mwaka 221 KK na kufa 210 KK. Askari wanakadiriwa kufika 8,000, na kaburi lenyewe la mfalme halijafunguliwa mpaka leo. Tiketi ni karibu yuan 120, unaikata mtandaoni kwa pasipoti. Fika mlango unapofunguliwa, uanze na mashimo madogo, umalizie na Shimo la Kwanza. Ukianza na hilo kubwa, mengine hayatakuambia kitu.

Ukuta wa Xi'an, wa enzi ya Ming, una mzunguko wa karibu kilomita 14 na juu yake unakodi baiskeli. Na Msikiti Mkuu, uliofichwa ndani ya vichochoro vya Wahui, ni wa kuuendea hata kama si Muislamu: nyua nne zinazofuatana kuelekea magharibi, mapaa ya vigae ya Kichina, mnara wa ghorofa wenye umbo la pagoda mahali ambapo sisi tungetarajia mnara mwembamba wa adhana. Ukumbi wa sala ni wa Waislamu pekee, na kuta zake za mbao zimechongwa Qurani. Mimi huona ni jengo zuri kuliko yote ya mji ule, askari wa udongo wakiwemo.

Chengdu watu huijia panda. Kituo cha panda kilianzishwa 1987 kwa panda sita, na dawa yake ni moja: uwe mlangoni saa moja na nusu asubuhi, maana wanyama hao hula asubuhi, wakishashiba wanalala, na joto likizidi hurudishwa ndani. Lakini wanaoondoka baada ya panda hupoteza mengi. Sanxingdui, huko Guanghan kaskazini ya mji, ina vinyago vya shaba vya zaidi ya miaka 3,000, macho yametokeza nje na masikio ni kama mabawa, kazi ya watu ambao hawakuacha maandishi tunayoweza kuyasoma. Dujiangyan, mfumo wa kugawa maji ya mto Min uliojengwa karibu 256 KK, bado unamwagilia tambarare ile hadi leo bila bwawa kubwa la kuuzuia mto. Na Buddha wa Leshan, mwenye urefu wa mita 71, alichongwa mwambani kuanzia 713 hadi 803.

Guangzhou hudharauliwa kwa kigezo hiki, isivyo haki. Mwaka 1983 mafundi waliokuwa wakisawazisha kilima walikuta kaburi la Zhao Mo, mfalme wa Nanyue wa karne ya pili KK, amevishwa vazi la vipande vya jade vilivyoshonwa kwa uzi wa hariri. Miongoni mwa mali zake zilikuwamo pembe tano kubwa za ndovu, ambazo wataalamu wamezitambua kuwa za ndovu wa Afrika. Simama mbele ya kabati lile ufikirie safari hiyo. Mnara wa Msikiti wa Huaisheng nao, mweupe na wa duara, ni ushahidi wa mabaharia Waislamu waliokaa hapa karne nyingi kabla ya meli za Wareno kuonekana Kilwa.

Kufika na kuzunguka

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza kabla ya kusafiri. Kuingia Guangzhou ndiyo njia nyepesi. Chengdu inafikika kwa Ethiopian Airlines kupitia Addis Ababa. Xi'an mara nyingi utaunganisha ndani ya China. Kutoka Guangzhou kwenda miji hiyo mingine kwa treni ya mwendokasi ni kukaa kwenye kiti karibu siku nzima. Ndege ya ndani inachukua kama saa mbili na nusu. Xi'an na Chengdu zenyewe ni majirani: reli ya mwendokasi iliyofunguliwa Desemba 2017 inapenya milima ya Qinling kwa saa tatu hadi nne.

Ndani ya miji hakuna tofauti kubwa. Metro zote tatu ni safi, nauli inaanzia yuan 2, na unalipa kwa simu. Pakua Alipay na WeChat ukiwa bado nyumbani, uunganishe kadi yako ya Visa au Mastercard, uthibitishe pasipoti. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato ya kadi ya kigeni. Juu ya hapo ni asilimia 3. Aliyezoea kulipa kwa simu hatasumbuka, tofauti ni kwamba hapa unaskani msimbo badala ya kuandika namba. WhatsApp, Google na Facebook hazifunguki kwa intaneti ya huku, ila laini ya nyumbani iliyowashwa huduma ya kimataifa kwa kawaida huzifungua. Ukilala kwa rafiki badala ya hoteli, nenda kituo cha polisi kujiandikisha ndani ya saa 24. Hoteli hukufanyia wenyewe.

Kiingereza ni kidogo kote. Guangzhou, kwenye maeneo ya biashara, kina nafuu. Programu ya kutafsiri kwenye simu si anasa, ni chombo cha kazi.

Hali ya hewa

Guangzhou nenda Oktoba hadi Desemba. Kiangazi ni joto, mvua na vimbunga, na Machi kuta za nyumba hutoa jasho kwa unyevu. Xi'an inapendeza Aprili, Mei, Septemba na Oktoba. Baridi yake hushuka chini ya sifuri, lakini nyumba na hoteli hupashwa joto kuanzia katikati ya Novemba. Chengdu haina upashaji huo wa mji mzima, na baridi yake yenye unyevu huingia mpaka mifupani hata kipimajoto kikionyesha nyuzi 6. Jua huko ni adimu mwaka mzima. Kote epuka Oktoba 1 hadi 7 na Mwaka Mpya wa Kichina.

Nani akae wapi

Ukija kwa mzigo na unataka kuiba siku mbili tatu za kupumzika, baki Guangzhou, uzitumie Liwan na kwenye makumbusho ya Nanyue, na usipange pumziko lako wakati wa maonyesho ya Canton, hoteli hupanda bei. Hali kadhalika ukisafiri kwa mara ya kwanza nje ya Afrika na unahofia kuwa peke yako: kuwa na watu wa lugha yako karibu kuna thamani.

Familia ya Kiislamu, hasa yenye wazee wasiotaka kuuliza kila sahani ina nini, nawaelekeza Xi'an. Mwalimu wa historia au mwanafunzi wa akiolojia pia, ingawa aliyebobea katika mambo ya kale ya enzi za shaba atalipwa zaidi na Sanxingdui.

Watoto wadogo watafurahi Chengdu, kwa panda na kwa bustani. Aliyechoka na kazi, asiyetaka ratiba, akae hapohapo, mradi tumbo lake linahimili pilipili au yuko tayari kuagiza chungu kilichogawanywa kila jioni. Asiyevumilia mawingu siku nyingi mfululizo asiende.

Wanandoa wasiokubaliana, mmoja anataka makaburi ya wafalme na mwingine anataka kukaa tu, wagawe wiki: siku tatu Xi'an, treni ya asubuhi kupita Qinling, siku nne Chengdu. Tiketi za treni hufunguliwa wiki mbili kabla ya safari, na za Ijumaa na Jumapili huisha mapema.

Na mwenye siku kumi aingie kwa Guangzhou, aruke kwenda Xi'an, ashuke Chengdu kwa treni na atokee huko kupitia Addis Ababa, bila kurudi nyuma. Tiketi ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine iulizie mapema, ulinganishe mashirika mawili au matatu kabla ya kulipa.